Damu Aliyoipa Jina Jingine

Huku kwetu Kaole, ukimtaja Bi Mwanamkasi binti Mbaruku, mwanamke yeyote aliyeolewa atatazama chini kidogo kabla ya kukujibu. Si kwa woga. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyetufunda. Mimi alinifunda, dada zangu aliwafunda, na sasa mabinti wa dada zangu wamekwisha kupita mkononi mwake. Anayoyajua kuhusu miili yetu, waume zetu wengine hawayajui. Haya ninayoyasimulia ameniruhusu mwenyewe. Alisema, "Yaseme, lakini yaseme sawasawa, usinitilie chumvi." Yale ya ndani yasiyohusu ugonjwa uliompata nimeyaacha hukohuko ndani.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kidogo kama ya mtu aliyetoka usingizini. Yeye na mumewe, Mzee Mwinyimvua, wana shamba la minazi na mihogo nyuma ya kijiji. Singo ya maharusi anaitwanga mwenyewe: mchele, liwa, karafuu, maganda ya machungwa yaliyokaushwa juani. Akikupaka, anakusemesha. Na katika kusema kwake kulikuwa na neno moja alilolirudia kwa kila mwali, tangu enzi zetu: "Kisima kisicho na kifuniko huangukiwa na kila kitu. Uliyoyaona ndani yabaki ndani. Maumivu yako, damu yako, haja yako, ni vyako wewe na somo wako." Tuliliitikia neno hilo kama dua. Tulilipenda hata, maana kuwa na siri ni kuwa mtu mzima.

Sasa, sote tulikuwa na somo, kungwi aliyetufunda, wa kumwambia. Yeye hakuwa naye. Kungwi aliyemfunda yeye alikuwa amefariki zamani, na hajatokea mwingine wa kumpita.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu alipoliona tone la kwanza. Hedhi ilikuwa imemkoma kwa miaka kadhaa, na alikuwa ameshaifurahia hali hiyo, kusali bila kukatiza na kufunga Ramadhani nzima bila deni. Siku hiyo alitoka shambani, akaingia chooni, akaona doa kwenye nguo. Dogo tu. Alilifikiria kama mtu anayejua, kwa sababu ni kweli alikuwa anajua. Wasichana wangapi aliwafundisha tofauti ya damu ya hedhi na damu ya istihadha, ile inayotoka nje ya wakati wake, ambayo mwanamke hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha, akasali kama kawaida? Basi akajiambia: hii ni istihadha. Akajisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha, akasali.

Siku alipokuwa akinisimulia, alipofika hapo alisema, "Nilikuwa na jina lake, mwanangu. Ukishakuwa na jina la kitu, hukiogopi tena. Sheria ya sala niliijua. Hiyo damu inatoka wapi, hilo sikuliuliza."

Shaabani ikaja, tone likawa matone. Ramadhani ikaja na kiuno kikaanza kumuuma, maumivu ya ndani yasiyoisha kwa kukandwa wala kwa kulala ubavu. Alichemsha majani ya mpera, akajifukiza. Alikunywa mizizi aliyokuwa akiwapa wengine. Baadaye kukawa na maji yenye harufu, na hapo akaanza kuchoma udi kila siku, mpaka Mzee Mwinyimvua akamtania, "Mama Hamidu, nyumba hii ina harusi gani?" Yeye akacheka naye. Kitandani alikuwa amekwisha kumwambia kwamba amechoka, na mzee, mtu mpole, alihamia chumba cha pili bila kuuliza.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndio mwezi wetu wa harusi. Mwaka huo alikuwa anaolewa Adila, binti aliyelelewa na shangazi yake hapa kijijini baada ya mama yake kufariki. Adila ni msichana wa maneno machache, fundi cherehani, na wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Bi Mwanamkasi ndiye aliyemfunda mama yake, na sasa akakubali kumfunda mtoto.

Siku ya mwisho ya kumfunda, wanawake walijaa ua mzima. Bi Tatu, kungwi mwenzake na mpiga msondo wetu mkubwa, alikuwa amekaa na ngoma yake katikati ya mapaja. Bi Mwanamkasi akacheza, akaonyesha yanayoonyeshwa, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha wengine wakaenda kupakua chakula, na somo akaingia chumbani na mwali wake, wakakaa mkekani wawili tu. Alipoinuka kuchukua chetezo, Adila aliona mkeka ulipokuwa umekaliwa. Ulikuwa umelowa damu. Kanga ya somo nayo nyuma ilikuwa imelowa, imeshika mwilini.

"Somo, umeumia?"

Bi Mwanamkasi aligeuka, akaona alichokiona mwali. Anasema hakuwahi kuona aibu ya namna ile tangu azaliwe. "Sikuumia," alisema. "Uliyoyaona ndani..."

"...yabaki ndani," Adila akamalizia, kama alivyofundishwa. Akavua kanga yake ya juu, mpya, aliyopewa na wifi zake, akamfunga somo wake kiunoni. Akaukunja mkeka, damu ikawa kwa ndani. Wanawake waliporudi na sinia la pilau waliwakuta wameinamisha vichwa, wakadhani mwali anahuzunika kwa ajili ya kuondoka nyumbani.

Fungate lilipokwisha, Adila alikuja kwa somo wake na sahani ya vitumbua, kama ilivyo desturi. Bi Mwanamkasi alimkaribisha jikoni, tayari kuulizwa yale ambayo maharusi wote huuliza. Adila hakuuliza hata moja. Aliiweka sahani chini, akasema, "Somo, ile damu bado inatoka?"

"Tulikubaliana nini, mwanangu?"

"Tulikubaliana. Na mume wangu sijamwambia, wala shangazi. Nimekuja kukuambia wewe." Alikuwa anatazama mikono yake. "Mama yangu alikuwa na damu hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nafua zile nguo, asubuhi kabla ya shule, ili majirani wasizione kambani. Ile harufu naijua. Nimeisikia kwako, hata na udi."

Bi Mwanamkasi aliinama kuchochea moto chini ya birika la chai.

"Siku moja nilitaka kumwambia mwalimu wangu," Adila aliendelea. "Nikaambiwa nisimwambie mtu yeyote, kwamba nitamvunjia mama yangu heshima. Nikatii. Mpaka anakufa, hakuna aliyemtazama."

"Nani alikuambia hivyo?"

Adila akainua macho. "Ni wewe, Somo."

Hakusema kwa hasira. Bi Mwanamkasi anasema angesema kwa hasira ingekuwa nafuu, maana angepata la kumkemea. Alikumbuka. Alimkumbuka mtoto mdogo mwenye beseni, na yeye mwenyewe akimshika bega pale uani, akimwambia maneno yale kwa upole kabisa, akiamini anamhifadhi mama wa watu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akashika tama. Chai ikachemka mpaka ikamwagika jikoni.

"Unataka nifanye nini?" hatimaye aliuliza. Na hapo, nadhani, mwali akawa ndiye somo.

"Twende Bagamoyo, hospitali. Nitakwenda nawe. Hutaingia peke yako."

Walikwenda kwa bodaboda mbili mpaka mjini. Kule walipokelewa na muuguzi aitwaye Verdiana, mama wa makamo aliyekulia jirani na misheni, mwenye msalaba mdogo shingoni. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," akasubiri mpaka aitikiwe marahaba ndipo akauliza shida. Bi Mwanamkasi alisema ana homa. Muuguzi akaandaa kipimo cha joto. Adila akakohoa.

"Si homa," Bi Mwanamkasi akasema. "Natoka damu. Na mimi nilishakoma."

Verdiana aliweka kipimo chini, akafunga mlango, akaleta kiti chake karibu. Aliuliza tangu lini, na kama kiuno kinauma, na kama kuna maji yenye harufu. Kisha akamweleza atakachofanya, hatua kwa hatua, kabla hajamgusa. Mwanamke huyu, aliyefundisha kijiji kizima kwamba mwili si kitu cha kuonea haya mbele ya anayestahili, alishindwa kupanda kile kitanda. Alisimama amekishika tu. Ikabidi Adila aje kusimama upande wa kichwa, amfunike uso kwa ncha ya kanga kama anavyofunikwa bibi harusi.

Haikuchukua muda. Muuguzi alipomaliza alinawa mikono, akakaa tena. Hakuzungukazunguka. "Mama, kwenye mlango wa kizazi kuna uvimbe, na ndio unaotoa damu. Daktari atakata kinyama kidogo kikapimwe. Sitaki kukuambia kabla ya majibu, lakini sitaki pia urudi nyumbani ukasahau. Inaweza kuwa saratani."

"Saratani ni kifo," alisema Bi Mwanamkasi. Hakuuliza, alisema.

"Ikichelewa, ndiyo, mara nyingi. Ikiwahiwa, kuna wanaopona wakalea wajukuu. Wewe hukuja mapema sana, lakini nadhani hujachelewa kabisa."

Majibu yalipotoka, yalikuwa hayo. Siku hiyo ndipo Bi Mwanamkasi alipouliza swali lililokuwa likimchoma zaidi ya uvimbe wenyewe. Alimwuliza Verdiana kwa sauti ya chini: "Haya, ameniletea nani?"

Verdiana alimweleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, huanzia kwenye kirusi cha papiloma, na kwamba kirusi hicho hupita katika kukutana mwanamume na mwanamke. "Lakini usikimbilie kumtafuta mtu, mama. Karibu kila aliyewahi kuolewa amekutana nacho. Wengi miili yao hukifukuza wenyewe bila wao kujua. Kwa wachache hukaa kimya, miaka kumi, miaka ishirini, kinaharibu taratibu. Anayevuta sigara, au mwenye kinga ndogo kama anayeishi na Virusi vya Ukimwi, huharibika upesi zaidi. Hakuna awezaye kukuambia kilikuja mwaka gani, wala kwa nani. Na ndani ya miaka yote hiyo ya ukimya, mwanamke hahisi chochote. Ndiyo maana tunawaita waje wapimwe wakiwa wazima."

"Wakiwa wazima," alirudia Bi Mwanamkasi. Ilimshangaza. Kwake yeye, hospitali ilikuwa mahali pa mgonjwa.

Ilibaki kumwambia mume. Mzee Mwinyimvua alikuwa nyuma ya nyumba, anafua nazi kwenye kifuo. Mkewe alikaa juu ya gogo, akamweleza yote, na mzee aliendelea kufua, nazi moja baada ya nyingine, makumbi yakirundikana miguuni pake. Ilikuwa inajulikana kwamba katika ujana wake aliwahi kuwa na mke wa pili kule Mlingotini, wakaachana. Yeye mwenyewe naye, Bi Mwanamkasi, aliwahi kuolewa kabla yake, akiwa binti mdogo sana. Mzee akaacha kufua.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Muuguzi anasema hakuna anayejua."

"Kama ni mimi, nisamehe."

"Na kama ni mimi mwenyewe, au yule wa kwanza, unisamehe na wewe."

Mzee alikusanya nazi zake, akaingia ndani, na jioni ile alirudisha godoro lake chumba cha kwanza. "Si kwa lolote," alimwambia mkewe. "Usilale peke yako tu."

Alipelekwa Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kule walimwambia ugonjwa umetoka kidogo nje ya mlango wa kizazi lakini haujasambaa mwilini, kwamba kupasua hakutafaa tena, ila mionzi inaweza kuumaliza. Mtoto wake Hamidu anaishi Bunju na mkewe Naila, basi akakaa kwao, anapelekwa asubuhi, anarudishwa mchana. Wiki baada ya wiki. Mara moja kwa wiki alitundikiwa dripu ya dawa inayousaidia mionzi. Mionzi yenyewe, anasema, haina sauti wala moto. Unalala, mashine inazunguka, unaambiwa inuka. Shida ilikuja baadaye: tumbo la kuendesha, ngozi kuwaka, uchovu uliomfanya ashindwe kuinua kikombe. Naila alimwogesha. Kwetu sisi mkwe na mkwe huoneana haya, na siku ya kwanza wote wawili walilia bafuni, kila mmoja akijifanya ni maji. Siku ya pili hawakulia.

Kwenye foleni ya mionzi alizoeana na mwanamke kutoka Mkange, kule njia ya Saadani, jina lake Scola. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mkulima wa ufuta, mcheshi hata akiwa amejikunja kwa maumivu. Scola alikuwa akitokwa na damu kila baada ya kulala na mumewe, kwa miaka miwili. Waganga walimwambia ana jini mahaba mwenye wivu. Alichinja kuku, alichinja mbuzi, alilala makaburini kwa maelekezo. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye figo.

Siku moja Scola alimwuliza, "Mama, wewe kwenu ni nani?"

"Mimi ni kungwi. Nafunda wanawali."

Scola alimgeukia. "Kwetu pia nilifundwa," alisema. "Nilifundishwa kumwandalia mume maji, kukunja kanga, kila kitu. Hili halikuwemo. Hivi mama, kwa nini hili halikuwemo?"

Bi Mwanamkasi alimwambia, "Tulikuwa hatulijui." Anasema lilikuwa jibu la kweli, ila lilikuwa nusu.

Scola alirudishwa Mkange na chupa ya dawa ya maumivu, akafariki kabla ya masika. Habari zake zilimfikia Bi Mwanamkasi akiwa amekwisha kurudi Kaole, mwembamba kuliko zamani, ameambiwa uvimbe hauonekani tena, ila asiache kurudi kupimwa.

Mwaka uliofuata ilikuja chanjo shuleni, ile ya wasichana wa miaka tisa hadi kumi na nne, inayokinga hicho kirusi kabla hakijaingia. Pakazuka maneno kijijini. Ni dawa ya kuwafunga watoto kizazi. Ni ya kuwafanya malaya mapema. Nani aliyesema, hajulikani, lakini kila mtu alikuwa amesikia. Mwalimu mkuu, Mwalimu Cosmas, akaitisha kikao cha wazazi. Tulijaa darasani, wanaume madawatini mbele, sisi wanawake nyuma na wengine dirishani. Mwalimu alieleza mpaka jasho likamtoka. Baba mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, wewe hujazaliwa hapa. Watoto wetu tutawaangalia wenyewe." Watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo Bi Mwanamkasi aliposimama. Watu wote waligeuka, kwa sababu kungwi hasemi mbele ya wanaume juu ya mambo ya wanawake. Hajawahi. Wanawake waliokuwa nyuma tulishikana mikono.

"Mimi si mwalimu wala daktari," alisema. "Lakini nimezaliwa hapa. Wake zenu nimewafunda mimi, na hakuna hapa anayeweza kusema namtakia binti wa Kaole uhuni. Mwaka jana nilikuwa naumwa. Mlisikia nina presha. Sikuwa na presha. Nilikuwa na saratani ya mlango wa kizazi."

Mzee Mwinyimvua alikuwa amekaa dawati la pili. Hakugeuka, lakini aliivua kofia yake, akaishika magotini.

"Nimekaa na wenzangu waliokuja wakiwa wamechelewa. Nimewaona wanavyokwenda. Hawakuwa wahuni, walikuwa wake za watu. Mimi ningalikuwa na umri wa miaka kumi leo, ningaliinyoosha hii mikono yote miwili. Mtoto ni wako, baba, amua. Lakini usiamue kwa neno ambalo hata aliyelisema humjui." Akakaa. Kisha akainuka tena, kama aliyesahau kitu. "Na mama zao msidhani chanjo hii ni yenu. Yenu ni kupimwa. Nendeni kabla hamjaumwa. Damu baada ya kulala na mume, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma, maji yenye harufu, hayo si ya kufukizia udi."

Si wote walioridhia siku ile. Yule baba alitoka akamchukua binti yake aliyekuwa akisubiri nje, na wengine wawili watatu wakamfuata. Lakini wasichana wengi walichanjwa, mpwa wangu miongoni mwao, akalalamika mkono unauma mpaka kesho yake, ikawa basi.

Mimi nilikwenda kupimwa wiki hiyohiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, siumwi chochote. Verdiana alipaka siki, siki hii hii ya kachumbari, kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kidogo, akaniambia anaona sehemu imegeuka nyeupe. "Hii si saratani," alisema. "Ingekuja kuwa, labda, baada ya miaka. Tuitoe leo." Akatumia kifaa cha joto. Nilihisi kama tumbo la hedhi, nikavaa, nikaambiwa nisilale na mume wangu kwa wiki kadhaa na nirudi mwakani. Nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani nikapika. Ndiyo tofauti ninayoitaka ieleweke, ndiyo maana naandika. Mwenzangu aliyepitia Bunju na Ocean Road, na mimi niliyerudi kupika, tulikuwa na kitu kimoja, ila chake kilionekana mwishoni na changu mwanzoni.

Aliyekasirika hasa ni Bi Tatu. Alikuja nyumbani kwa mwenzake, hakukaa, akasema mlangoni, "Umeivunja ngoma, Mwanamkasi. Mambo ya chumbani umeyapeleka shule, mbele ya mashemeji."

"Ngoma sijaivunja, Tatu. Nimeiongezea wimbo."

"Msondo wangu usiuhesabu tena."

Kwa karibu mwaka mzima hawakupika pamoja. Bi Mwanamkasi aliendelea kufunda bila msondo, kwa kupiga makofi tu na bati. Na sasa kila mwali wake, baada ya yale yote ya zamani ambayo hakuyaacha hata moja, huambiwa jambo jipya: kwamba siri ni ya kumlinda mwanamke, ikianza kumuua si siri tena. Huambiwa aijue damu yake. Huambiwa akifika miaka thelathini aende akapimwe, na asimsubiri mume amruhusu kuumwa. Mama mkwe akiwepo, naye huambiwa.

Mwili wa Bi Mwanamkasi mwenyewe haukurudi kama zamani. Hili hupenda lisifichwe. Mionzi ilimkausha ndani, choo humsumbua, na yeye na mumewe wamejifunza kukaa pamoja kwa namna nyingine, ambayo anasema si mbaya. Kila baada ya miezi sita hurudi Dar kupimwa, na siku mbili kabla ya safari hasemi na mtu. Anaogopa kila mara. Mpaka sasa kila mara wamemwambia hakuna kitu.

Mwezi uliopita kulikuwa na siku ya upimaji Bagamoyo, nikamsindikiza, maana huwa anakwenda kukaa na wanawake wanaosubiri. Tulipofika tulimkuta Bi Tatu kwenye benchi, mabinti zake wawili wamekaa upande huu na huu. Walisalimiana. Bi Tatu akasema haraka, "Mimi nimewasindikiza hawa tu."

"Umefanya vizuri," Bi Mwanamkasi akasema, akakaa pembeni yake.

Waliongea habari za mihogo iliyoliwa na nguruwe pori na bei ya mkaa. Binti wa kwanza akaingia, akatoka anatabasamu. Akaingia wa pili. Bi Tatu alikuwa akitazama ule mlango.

"Inauma?" aliuliza, bila kugeuza shingo.

"Haiumi. Unaona haya tu, halafu haya inapita."

Bi Tatu alifungua pochi yake ya shingoni, akaifunga, akaifungua tena. Binti wa pili alipotoka, wakainuka wote watatu, wakaaga. Bi Tatu hakuingia siku ile, na mwenzake hakumshika mkono wala kumsukuma. Lakini walipofika getini alirudi hatua chache, akauliza siku nyingine ya upimaji ni lini, kwa sababu, alisema, kuna jirani yake anataka kusindikizwa.